Mkono uliuza mashini, konti ikamfunga mteja

Leo ninataka tuongee historia ya kitu ambacho wengi wetu tulikitumia bila kukihesabu kuwa historia: mashini za michezo ya televizyo. Kati ya mwaka wa 2002 na 2013, kampuni tatu, Nintendo na Sony za Japani pamoja na Microsoft ya Marekani, zilipigana vita kali ya biashara. Ukiuliza mtu anayekumbuka ile miaka, atakuambia vita ilikuwa juu ya kucheza kwa mwendo wa mwili: kutikisa mkono, kuruka mbele ya kamera, kupiga tenisi katikati ya salo. Ni kweli, lakini ile ilikuwa vita ya kwanza tu. Ya pili ilipiganwa polepole, bila makelele, juu ya swali moja: mchezaji akiisha kununua mashini, ni nani atamshika asiondoke? Mimi naona ile ya pili njo iliamua kila kitu. Na njo inatugusa sisi pia, watu wa fasi ambapo mega za intaneti zinanunuliwa kwa kuhesabu.

1. Wa mwisho anabadilisha mchezo

Tuanze na hesabu. PlayStation 2 ya Sony ilitoka Japani tarehe 4 mwezi wa 3 mwaka wa 2000, na mpaka mwisho wa maisha yake ziliuzwa zaidi ya milioni 155. Xbox ya kwanza ya Microsoft ilifika milioni 24 hivi. GameCube ya Nintendo ilibakia karibu milioni 22. Nintendo ni kampuni ya zamani sana. Ilianza mwaka wa 1889 katika mji wa Kyoto, ikitengeneza karata za kuchezea. Katika miaka ya 1980 ilikuwa mfalme wa michezo ya nyumbani. Sasa ilikuwa ya tatu kati ya tatu.

Mwaka wa 2002, Hiroshi Yamauchi, aliyeongoza kampuni tangu 1949, alimwachia kiti Satoru Iwata, mtu aliyeanza maisha ya kazi kama mwandishi wa programu. Wakati ule Sony na Microsoft walikuwa wanashindana juu ya nguvu ya mashini na uzuri wa picha. Yale ni mashindano ya feza, na kupigana na Microsoft kwa feza ni kama kushindana kunywa maji na Ziwa Tanganyika. Iwata akageuza swali. Badala ya kuuliza namna ya kuwanyang'anya wengine wachezaji wao, akauliza kwa nini watu wengi hawachezi kabisa. Mama wa nyumba, babu, mtu anayeogopa maneti yenye vifungo zaidi ya kumi: wale wote walikuwa soko ambalo hakuna aliyelitazama.

Jibu lilikuwa Wii. Ilitoka Marekani tarehe 19 mwezi wa 11 mwaka wa 2006, kwa bei ya dola 250, na mchezo wa Wii Sports ndani ya sanduku. Siku mbili mbele yake PlayStation 3 ilikuwa imetoka huko huko kwa dola 500 ao 600, kufuatana na ukubwa wa diski ya ndani. Xbox 360 ilikuwa tayari sokoni mwaka mzima, kwa dola 300 ao 400. Picha ya Wii ilikuwa hafifu kuliko ya wale wawili, na Nintendo haikuficha jambo lile. Ilichouza ni maneti.

Ile maneti ilikuwa inafanana na telekomande ya televizyo. Ndani yake mlikuwa kifaa kidogo sana kinachopima namna mkono unavyoongeza ao kupunguza mwendo, upande wa kushoto na kuume, juu na chini, mbele na nyuma. Kwenye ncha yake mlikuwa kamera ndogo inayoona mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Kile kipande chembamba kilichowekwa juu ya televizyo, ambacho watu walifikiri kinapima mwendo, kumbe hakikupima kitu. Kilikuwa na makundi mawili ya taa za infraredi tu, na maneti njo ilizitazama ili kujua inaelekea wapi. Watu wakagundua kwamba ukiweka mishumaa miwili mbele ya televizyo, maneti inafanya kazi vile vile. Teknolojia ile haikuwa ya ajabu wala ya bei kali. Ajabu ilikuwa kuiweka mkononi mwa mtu asiyejua kucheza.

Tena Nintendo haikuwa ya kwanza kujaribu. Mwaka wa 1989 Power Glove, glavu iliyouzwa na kampuni ya Mattel kwa mashini ya Nintendo, ilishindwa. Mwaka wa 2003 Sony iliuza EyeToy, kamera ya PlayStation 2 iliyomweka mchezaji ndani ya picha. Lakini vile vilikuwa vitu vya pembeni, mtu ananunua akipenda. Wii ilifanya mwendo kuwa mlango wenyewe wa nyumba.

Matokeo munayajua. Wazee katika nyumba za kulelea wazee huko Marekani walianza kufanya mashindano ya kuangusha vijiti mbele ya televizyo. Watu walitikisa mikono kwa nguvu mpaka kamba ya maneti ikakatika na maneti ikaruka kuelekea televizyo. Mwezi wa 12 mwaka wa 2006 Nintendo ilitangaza kwamba itabadilisha bure kamba milioni 3,2. Mpaka mwisho, Wii ziliuzwa zaidi ya milioni 101. PlayStation 3 na Xbox 360 zilipita milioni 80 kila moja, lakini hakuna iliyofika hapo.

2. Wenzake wanaiga

Sony ilijibu haraka, hata haraka kupita kiasi. Mwezi wa 5 mwaka wa 2006, miezi michache mbele ya kuuza, ilionyesha kwamba maneti ya PlayStation 3, yenye jina la Sixaxis, nayo itasikia mwendo. Lakini iliondoa ile nguvu ya kutetemeka ambayo wachezaji walikuwa wameizoea. Wakati ule Sony ilikuwa kwenye kesi na kampuni ya Immersion juu ya teknolojia ya kutetemesha. Kesi ilimalizika mwaka wa 2007, na kutetemeka kukarudi katika maneti ya DualShock 3. Michezo michache tu ilitumia ule mwendo kwa akili.

Jibu kamili lilikuja mwaka wa 2010. Mwezi wa 9 Sony ilitoa PlayStation Move, kijiti chenye mpira unaowaka rangi juu yake, ambao kamera inaufuata. Mwezi wa 11 Microsoft ikatoa Kinect, kwa dola 150, na hapo hakukuwa tena maneti hata kidogo. Kinect ilitumia teknolojia ya PrimeSense, kampuni ya Israeli: inamwaga nukta nyingi za infraredi ndani ya chumba, kamera inatazama namna nukta zinavyopindika juu ya mwili na viti, halafu inahesabu umbali wa kila kitu. Programu inachora mifupa ya mchezaji: kichwa, mabega, viwiko, magoti.

Katika siku 60 za kwanza ziliuzwa milioni 8, na kitabu cha Guinness kiliandika kwamba ni chombo cha elektroniki kilichouzwa haraka kuliko vyote. Lakini Kinect ilitaka mchezaji asimame mbali karibu metre 2 na nafasi iwe wazi. Fikirieni vyumba vyetu, ambapo kati ya kiti na televizyo kuko meza, ndoo na mtoto. Na si kwetu tu. Hata katika vyumba vidogo vya Tokyo watu waliona shida ile ile. Zaidi ya hapo, michezo mikubwa ya kupiga risasi na ya mpira, ile iliyomshika kijana saa tano mfululizo, haikuhitaji aruke. Mwili unachoka. Kidole hakichoki upesi.

3. Vita isiyopiga kelele

Sasa turudi nyuma kidogo. Tarehe 15 mwezi wa 11 mwaka wa 2002, miaka minne mbele ya Wii, Microsoft ilifungua Xbox Live. Xbox ilikuwa imetoka kiwandani na tundu la kamba ya intaneti, wakati Sony na Nintendo waliuza kile kifaa kando. Kwa dola 50 hivi, mtu alipata mwaka mzima wa kucheza na watu wa mbali, pamoja na kifaa cha kuwekea kichwani ili waongee. Na ilikuwa kwa intaneti ya kasi peke yake; ile ya polepole ya kupitia simu haikukubaliwa. Wengi waliona ni kiburi. Kumbe Microsoft ilikuwa inajenga kitu ambacho mkono hauwezi kukigusa: jina moja la mchezaji, orodha moja ya marafiki, sauti, na mahesabu ya ushindi yanayomfuata mtu kutoka mchezo mmoja mpaka mwingine.

Mwaka wa 2004 mchezo wa Halo 2 ulionyesha nguvu ya kitu kile. Mwaka wa 2005, Xbox 360 iliongeza pointi ambazo mchezaji anazikusanya kwa kila jambo alilotimiza, na kila rafiki anaziona. Mchezaji mwenye miaka mitatu ya pointi na marafiki 80 hahamii kwa jirani kwa sababu jirani ana picha nzuri zaidi. Kuhama ni kuacha kijiji. Mwaka wa 2008 filamu za Netflix zikaingia ndani ya Xbox 360, na hata mtu aliyekuwa analipa Netflix alipashwa kulipa abonema ya Microsoft kwanza. Mwaka wa 2010, mwezi ule ule Kinect ilipotoka, abonema ya mwaka ilipanda huko Marekani kutoka dola 50 mpaka 60. Watu walilalamika. Walilipa.

Sony ilichukua njia nyingine: PlayStation Network, iliyofunguliwa mwaka wa 2006, haikudai malipo kwa kucheza na wengine. Kwa kijana asiye na feza nyingi ile ilikuwa sababu kubwa ya kuchagua PlayStation 3. Na Nintendo? Nintendo iliogopa. Ilitaka kulinda watoto wasiongee na watu wasiojulikana, ikaweka mfumo wa namba: ili kumfikia rafiki ulipashwa kupewa namba ya mashini yake, tarakimu 16, na yeye apewe yako, na michezo mingi ilidai namba yake tena, tofauti. Babu aliyependa Wii Sports hakujali. Lakini juu ya jambo lile, babu hakuwa na kitu chochote kilichomfunga kwa Nintendo. Alicheza, akafurahi, akaweka mashini kabatini.

Hapo njo fundo la historia hii. Nintendo ilileta watu wapya wengi kuliko yeyote, lakini haikuwapa sababu ya kurudi. Simu zenye kioo cha kugusa zilipokuja na michezo ya bei ndogo, wale watu wapya walikwenda nazo. Katika mwaka wa mahesabu uliomalizika mwezi wa 3 mwaka wa 2012, Nintendo ilitangaza hasara ya mwaka mzima, ya kwanza katika miaka 30 hivi. Sababu zilikuwa nyingi, kama vile feza ya Japani iliyopanda na bei ya mashini ndogo ya 3DS iliyopunguzwa, lakini kuanguka kwa Wii kulikuwamo. Wii U, iliyofuata mwisho wa 2012, ilifika milioni 13 na nusu tu. Kutoka 101 mpaka 13: wateja hawakuwa wake, walikuwa wageni waliopita.

4. Mlango ukifungwa kwa nje

Konti nayo iko na hatari yake. Mwezi wa 4 mwaka wa 2011 wezi waliingia ndani ya PlayStation Network. Tarehe 20 Sony ilifunga mtandao wote. Tarehe 26 ikawaambia watu kwamba habari za konti milioni 77 zimechukuliwa: majina, anwani, tarehe za kuzaliwa, maneno ya siri. Tarehe 1 mwezi wa 5 Kazuo Hirai, mmoja wa wakubwa wa Sony, aliinama mbele ya waandishi wa habari katika mji wa Tokyo kuomba radhi. Mtandao ulianza kurudi katikati ya mwezi wa 5, karibu wiki tatu na nusu nyuma ya kufungwa. Mwaka wa 2013 ofisi ya Uingereza inayolinda habari za watu iliitoza Sony paundi 250.000.

Tazameni vizuri jambo moja: watu walihama wachache. Mashini ilikuwa nyumbani, marafiki walikuwa ndani yake, walingoja mlango ufunguliwe. Nguvu ya konti ilionekana wazi siku ile konti ilipofungwa.

5. Mwaka wa 2013: ni nani anahesabiwa?

Microsoft, iliyokuwa na mtandao wenye nguvu, ilifikiri sasa inaweza kudai chochote. Mwezi wa 5 mwaka wa 2013 ilionyesha Xbox One. Vita mbili zikakutana ndani ya sanduku moja. Kinect ilikuwa ya lazima. Bila kamera ile mashini isingefanya kazi. Mashini ilipashwa kuingia kwenye intaneti angalau mara moja kila saa 24, la sivyo michezo inasimama. Na diski ya mchezo ingefungwa kwenye konti ya aliyeinunua, na sheria za kuiuza ao kuiazima zingewekwa na wenye kampuni.

Mwezi wa 6, Edward Snowden akaanza kufunua upelelezi wa serikali ya Marekani juu ya mawasiliano ya watu. Kamera isiyolala ndani ya salo ikapata sura mbaya zaidi. Na Don Mattrick, mkubwa wa Xbox, alipoulizwa juu ya watu wasio na intaneti, alijibu kwamba kwa hao kampuni iko na mashini nyingine: Xbox 360. Ile ya zamani.

Wandugu, hapa ninataka tusimame. Orodha ya inchi zilizopata Xbox One siku ya kwanza, tarehe 22 mwezi wa 11 mwaka wa 2013, ilikuwa na majina 13. Hakuna hata inchi moja ya Afrika. Mimi nilikulia katika mtaa ambapo mtu mwenye televizyo mbili na PlayStation 2 mbili alikuwa na biashara kamili: unalipa kwa mechi, mshindi anabakia, kundi linapiga kelele nyuma yako. Mashini zilikuwa za okazyo, diski za okazyo ao za kunakiliwa, na umeme ukikatika tunangoja. Hakuna konti, hakuna abonema. PlayStation 2 iliendelea kutengenezwa mpaka karibu mwanzo wa 2013, na moja ya sababu ni watu kama sisi katika dunia nzima, ambao mashini isiyodai intaneti njo pekee iliwafaa. Ile sheria ya diski isiyoazimwa ingeua fasi kama zile kwa siku moja.

Lakini udongo wetu ulihesabiwa tangu zamani. Koltani inatoa tantali, inayotumiwa katika vipande vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu, ordinatere na mashini za michezo. Mwaka wa 2000 bei ya tantali ilipanda kwa kishindo, na wengine walitupia PlayStation 2 lawama yote ya vita ya Kivu. Kusema vile ni kurahisisha mambo mno. Simu na ordinatere zilikuwamo, na vita ilikuwa na mizizi mingi. Hata hivyo, mwezi wa 7 mwaka wa 2010, miezi michache mbele ya Kinect, sheria ya Marekani inayoitwa Dodd-Frank, kifungu cha 1502, ilitiwa sahihi, ikidai kampuni ziseme kama tantali, bati, tungsteni na dhahabu yao vinatoka Kongo ao kwa majirani zake. Na mwaka wa 2012 shirika la Enough Project lilipopanga kampuni za elektroniki kufuatana na juhudi zao juu ya madini haya, Nintendo, ile iliyopendwa na babu na wajukuu, ilipata sifuri.

Sony ilijua kutumia kosa la mwenzake. Mwezi wa 6 mwaka wa 2013 ilitangaza PlayStation 4 kwa dola 400, wakati Xbox One ilikuwa 500, na ikasema diski unaweza kumuazima rafiki bila ruhusa ya mtu. Ikatoa hata video fupi ya mafundisho: mtu mmoja anampa mwenzake diski mkononi, basi, somo limekwisha. Tarehe 19 mwezi ule ule Microsoft ikafuta sheria zake. Mwaka wa 2014 ikaanza kuuza Xbox One bila Kinect, na mwaka wa 2017 ikaacha kuitengeneza.

6. Nani alishinda?

Wengi wanaikumbuka ile siku ya Sony kuwa ushindi wa wachezaji. Lakini katika habari za siku ile mlikuwa jambo ambalo watu walilipigia makofi machache: kucheza na wengine kwa intaneti kwenye PlayStation 4 kutadai abonema ya PlayStation Plus. Kile ambacho Microsoft peke yake ilikuwa inadai tangu 2002, sasa Sony ilikidai pia. Mwaka wa 2018 Nintendo nayo ikaanza kudai, dola 20 kwa mwaka, juu ya Switch. Mashujaa watatu walitofautiana juu ya mikono, kamera na vijiti. Juu ya mlango wenye kulipisha, walikubaliana wote.

Mwendo wa mwili haukufa kabisa. Maneti za Switch zinausikia, simu zenu zinausikia mukizigeuza. Apple ilinunua PrimeSense mwaka wa 2013, na miaka minne nyuma yake iPhone X ilianza kutambua uso wa mwenyewe kwa njia ile ile ya nukta za infraredi. Lakini mwendo umekuwa chumvi ndani ya chakula. Abonema njo imekuwa chakula chenyewe.

Ninaandika haya juu wengi kati yetu wanaanza leo kutengeneza programu na biashara ndogo za intaneti hapa kwetu. Kitu kizuri kinavuta watu, Wii imeonyesha. Lakini kitu kizuri kinaweza kuigwa na mwenzako. Jamaa ya watu waliokwisha kujuana ndani ya nyumba yako, ile haiigwi upesi. Na ukiisha kuwashika, kumbuka mwaka wa 2013: siku utakapowaambia wasio na intaneti wakatafute mashini ya zamani, kuko mtu anayesikiliza nyuma ya mlango, tayari kuwakaribisha.

Swali langu kwenu: tukitengeneza programu zetu wenyewe kwa ajili ya Kongo, zitafanya kazi siku ile mega zimekwisha? Andikeni mawazo yenu hapa chini, hasa munaosoma informatike.